Sukari Haikuwa Imepotea, Mnagundua Nini?

Msomaji wa Kisumu anaandika mradi wake wa kemia kwa Kiswahili (hongera, mko wachache) na anauliza: zile chembe ndogo sana za madini zinazofanya kazi kama kimeng'enya (kile cha mwilini kinachoharakisha kemikali kugeuka), yaani nanozaimu, aziite vimeng'enya feki ama bandia? Ametuma na sentensi yake: "Nanozaimu feki inagundua sukari kwa maji na kubadilisha rangi."

Feki hapana. Feki ni noti na viatu, kitu cha kukutapeli, na hizi zinapiga kazi kabisa, tena kwa joto ambalo lingeua kimeng'enya cha kawaida. Bandia sawa, si mtu ana mguu bandia na anatembea nao. "Nano" ni mbilikimo kwa Kigiriki, tuendelee.

Shida yangu ni hiyo "inagundua". Imenichosha! Kugundua ni kufikia jambo lililokuwepo na hakuna aliyelijua. Sasa chukua nyanya anayepimwa mkojo na kile kijikaratasi cha rangi, asubuhi ati kimegundua sukari, jioni kimegundua tena, kesho asubuhi kimegundua, ugunduzi kila siku kama maziwa, na nyanya mwenyewe anajua ana sukari ndio maana chai yake inapikwa kando na wajukuu wote wanajua na jirani pia anajua. Kwani ilikuwa imejificha wapi? Huku kwetu Muhoroni, Chemelil, Mumias, sukari inakupita barabarani imepakiwa kwa trela na bado mtu anaigundua.

Ukitaka gundua ikae mahali pake, angalia 2007. Watu walikuwa wanatumia chembe za oksidi ya chuma kwa maabara juu zinavutwa na sumaku, wakidhani zimelala tu, hazina shughuli na kemikali zingine. Yan Xiyun na wenzake kule Uchina wakaonyesha zinafanya kazi ya peroksidesi, kimeng'enya kabisa. Huo ndio ugunduzi, na ulifanyika mara moja. Tangu hapo chembe zinafanya kibarua tu: kimeng'enya kingine kinashughulikia glukosi, ndiyo hiyo sukari, na kutoa haidrojeni peroksidi, chembe zinaitumia hiyo kugeuza dawa inaitwa TMB, isiyo na rangi, ikawa buluu. Glukosi ikizidi, buluu inakolea. Anayetambua ni wewe mwenye macho.

Kwa hivyo andika: "Kipimo kinaonyesha kuna glukosi kwa kugeuka buluu." Ile "kubadilisha rangi", na maji ndiyo yanabadilika rangi yenyewe, nilishaachana nayo, hata redioni wanasema, nitapigana na wangapi.

Daktari akikwambia mara ya kwanza "tumegundua una sukari", hapo sawa, nyote wawili hamkuwa mnajua. Akirudia kliniki ijayo, muulize faili yako aliiweka wapi.