Spea ya Land Rover Kuukuu: Nenda na Kipimo, Usiende na Jina la Gari

Msomaji wa Muheza ameleta ujumbe. Land Rover yake 109 (ndefu, inchi 109 toka ekseli ya mbele hadi ya nyuma), Series III, ilikuwa ikivuja mafuta ya breki gurudumu la mbele kushoto. Kanunua silinda mpya ya gurudumu, kafunga, kakaza nati ya paipu mpaka spana inateleza, na bado mafuta yanachuruzika palepale. Muuzaji anamwapia kwamba hiyo ni ya Series III. Huenda ni kweli. Ila "ya Series III" si kipimo.

Series III ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na katika miaka hiyo kiwanda kilibadilisha mambo mengi ya ndani huku sura ikibaki ileile. Injini ya petroli ya lita 2.25 ilikuwa na beringi kuu tatu za kranki (shafti kuu ya injini). Kuanzia 1980 zikawa tano. Dramu za breki za 88, ile fupi, kwa kawaida ni inchi 10, za 109 ni inchi 11. Ukiingia duka la spea Gerezani, Dar es Salaam, au ukavuka mpaka wa Horohoro kwenda Mombasa, ukasema "nataka breki za Land Rover", utapewa kilichopo kwenye shelfu, na nauli ya kurudisha ni yako.

Kwa hiyo kabla ya kutoka Tanga, andika namba. Kibati cha chasisi kisikudanganye: gari lililofanya kazi kwenye shamba la mkonge mara nyingi ni magari mawili yaliyounganishwa, na kibati huhama na bodi. Tafuta namba iliyogongwa kwenye chuma chenyewe cha chasisi, mbele kulia, panapofungwa springi. Futa kutu kwa brashi ya waya. Ukipitisha grainda umeifuta na namba. Namba ya injini iko kwenye bloku, upande wa kushoto mbele, jirani na manifoldi ya eksozi. Herufi ya mwisho usiiache. Ndiyo inayoonyesha mabadiliko ya kiwandani, na spea nyingi hutofautiana kwa herufi hiyo tu.

Beringi na sili ndizo rahisi kuliko zote, na ndizo watu wanazolipia ghali bila sababu kwa kuwa wanaziulizia kwa jina la gari. Beringi ina namba ubavuni, na namba hiyo ni ya dunia nzima. 6205 ni tundu la milimita 25, nje 52, unene 15, iwe ya gari, ya pampu ya maji au ya mashine ya kusaga. Sili pima mara tatu: shafti, tundu inamokaa, na unene. Iliyo nyembamba kidogo hukubali, nene haikubali. Kama mdomo wa sili ya zamani umechimba mfereji kwenye shafti, isogeze mpya milimita moja au mbili ili mdomo wake ukae pasipoliwa. Ukiirudisha kwenye mfereji uleule, oili itavuja tena na utalaumu sili.

Kabureta ya Zenith 36IV, ya injini hiyo ya petroli, watu huihangaikia bure. Moshi mweusi, plagi zina masizi, sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) haitulii hata ukizungusha skrubu yake: mara nyingi kabureta haijafa, imepinda. Mfuniko wa juu hujikunja, na kioringi kidogo kilicho kati yake na kipande cha ndani chenye jeti (vitundu vya kupimia petroli) huacha kuziba, petroli ikapita isipotakiwa. Weka rula ya chuma juu ya uso uliofunguliwa, tazama kwenye mwanga. Ukiona mwanga unapenya, tandaza msasa wa 400 juu ya kioo, sugua uso huo kwa mwendo wa namba nane mpaka ung'ae sawasawa. Osha kila tundu kwa petroli, pulizia upepo, weka oringi mpya na gasketi mpya. Skrubu kaza kidogo kidogo kwa kukingamana, na uache zikishashika. Kukaza kupita kiasi ndiko kulikoipinda.

Sasa breki, maana hapo ndipo ubishi wa fundi unapogeuka msiba.

Paipu nyembamba za breki za Land Rover hizi zina nati ya inchi 3/8 yenye meno 24 kwa inchi. Kipenyo chake ni milimita 9.53, na kutoka jino hadi jino ni milimita 1.06. Baadhi ya silinda zinazouzwa sasa zina tundu la M10, jino kwa jino milimita 1. Tofauti ni nusu milimita, jicho halioni. Nati ya 3/8 inaingia kwenye tundu la M10, inazunguka, mwisho inabana, na fundi anaridhika. Lakini imeshika ncha za meno tu. Ukikanyaga breki kwa nguvu, mafuta yanatoka. Ukizidi kukaza, meno yanachunika. Kinyume chake ni nati ya M10 kwenye tundu la 3/8: inagoma mwanzoni, halafu mtu anailazimisha.

Nati sahihi huingia kwa vidole mpaka chini bila kuchezacheza. Ikicheza, simama hapo. Wala usizungushie tepu ya bomba la maji. Kinachoziba si meno, ni mdomo wa paipu uliotanuliwa kukutana na kiti chake ndani ya silinda. Dawa ni silinda yenye meno ya inchi, au kukata mdomo wa paipu, kuvua nati ya zamani, kuvisha ya M10, na kutanua mdomo upya kwa kifaa chake. Gari linalolala karibu na bahari, Raskazone au Pangani, tumia nafasi hiyo kubadili paipu yote kuwa ya shaba na nikeli. Ya chuma huliwa na chumvi, na kutu huanzia kwenye vibanio, ambako huoni.

Pima na tundu la pistoni la silinda kwa vernia (kipimo cha taya cha milimita). Silinda ya inchi 1 upande mmoja na ya inchi 1 na 1/8 upande wa pili zinafungika vizuri, lakini ile kubwa inasukuma kwa nguvu zaidi kwa takriban robo, na gari litavutwa upande. Badilisha kushoto na kulia kwa pamoja.

Mipira ya silinda ioshe kwa mafuta ya breki tu. Petroli, dizeli na grisi ya kawaida huivimbisha, na mpira uliovimba hauachii breki. Kabla ya kutoa upepo kwenye breki, legeza adjasta (skrubu za kusogeza viatu vya breki) zote ili viatu virudi na pistoni ziingie ndani. Nafasi ya upepo kujificha itapungua. Anza gurudumu la nyuma kushoto, lililo mbali zaidi na masta silinda (pampu ya pedali ya breki), usogee mpaka la karibu. Chupa ya mafuta ya breki isikauke hata mara moja. Kisha kaza adjasta mpaka dramu ligome, uzirudishe kiasi lizunguke huru.

Ndugu wa Muheza, silinda nyingine usinunue kwanza. Fungua nati, iweke kwenye vernia, kisha ijaribu kwa vidole kwenye tundu. Ukishafunga ile inayostahili, mwenzio akanyage breki kwa nguvu dakika nzima huku wewe umeshika karatasi nyeupe chini ya kiungo. Ikibaki kavu, rudisha gurudumu.