Kona ya fundi: msharasi, uzi na tobo

Baada ya makala ya kubadilisha soli nilidhani mtaniuliza habari za gundi. Wapi! Karibu kila ujumbe umekuja na msharasi, kile chuma chenye ncha na mpini tunachotobolea na kushonea: ninunue upi, mbona unavunjika, mbona mshono unafumuka. Nimechagua sita. Wengine majibu yenu yamo humohumo.

Shikamoo fundi. Nataka msharasi wa kushonea mabegi ya shule na viatu vya hapa nyumbani. Dukani nimeonyeshwa aina tatu na muuzaji mwenyewe hajui tofauti. Nichukue upi? (Mama wa watoto wanne, Morogoro)

Marahaba, mama. Chukua wa kulabu.

Hiyo mitatu haifanyi kazi moja. Wa kwanza una ncha tupu: unatoboa tu, kisha unafuata na sindano mbili butu zinazopishana katika tobo lilelile, moja ikitoka kulia na nyingine kushoto. Kwa mkono sijaona mshono imara kuliko huo, maana uzi ukikatika upande mmoja, wa upande wa pili bado umeshika. Watengeneza mikanda na matandiko ya farasi hawauachi. Lakini unakula muda, na ndani ya kiatu cha mtoto sindano mbili utazipishania wapi? Wa tatu una uzi ndani ya mpini, huo nauacha kwa swali linalofuata.

Wa kulabu ndio ule unaouona kwa kila fundi viatu aliyeketi chini ya mti. Uzi unakaa ndani ya kiatu umeshikwa na mkono wa kushoto, msharasi unachomwa kutoka nje. Unauvika uzi kwenye kulabu, unarudisha, kitanzi kinakuja juu. Hapo ndipo wanaoanza wanapokosea: wanapitisha kitanzi ndani ya kitanzi kilichotangulia, mshono unatoka kama mnyororo. Ni wa haraka, tena unapendeza, ila ukikatika mahali pamoja unafumuka wote kama sweta. Wewe kila kitanzi kikija juu, pitisha ndani yake ncha ya uzi wa pili, unaokaa juu, kisha kaza nyuzi zote mbili. Kila mshono unajifunga peke yake.

Ukiwa dukani usibabaishwe na mpini uliopakwa vanishi. Kwanza, nenda na soksi ya nailoni iliyochakaa, ipitishe juu ya kulabu na shingo yake. Ikinasa popote pale isipokuwa kwenye mdomo wa kulabu, chuma hicho kina vimiba, na kitakula uzi wako kila kinapotoka. Pili, kandamiza ncha kwenye ubao huku umeshika mpini. Ukihisi chuma kinacheza, rudisha. Tatu, waza tobo. Watu wanachagua msharasi kwa ukubwa wa kazi, kazi nzito msharasi mnene, ndipo wanaharibu. Chagua kwa uzi: tobo liupitishe uzi kwa kubana kidogo. Likizidi, mshono unacheza na maji yanaingia. Likipungua, kulabu inauchana uzi ikitoka. Kwa begi la shule, msharasi usiozidi njiti ya kiberiti unatosha, na umbali wa milimita 5 hivi toka tobo hadi tobo. Ukibananisha zaidi ya hapo utakuwa umechora mstari wa kuchania, kama karatasi ya stempu.

Kaka yangu ameniletea kutoka Marekani msharasi wenye bobini ya uzi ndani ya mpini, umeandikwa Speedy Stitcher. Nikishona unaonekana umeshika, nikivuta uzi wote unatoka kama sijashona. Umeharibika? (Fundi cherehani, Kigamboni)

Haujaharibika, na wewe fundi cherehani nitakushangaa kidogo, maana hiyo ni cherehani yako bila gurudumu. Angalia sindano: tundu liko karibu na ncha, siyo kwenye kitako kama sindano ya mkono. Ndilo wazo ambalo Elias Howe aliliandikia hataza (hati ya uvumbuzi) Marekani mwaka 1846, na cherehani zote tulizonazo zinalitumia. Tofauti ni kwamba cherehani ina bobini ya chini inayoleta uzi wa pili. Hapa bobini ya chini ni vidole vyako.

Kosa lako nalijua bila kukuona: kwenye tobo la kwanza umevuta uzi kidogo tu. Anza upya hivi. Choma mpaka tundu la sindano litokeze upande wa pili. Kutoka upande huo vuta uzi wenye urefu wa mshono wote unaokusudia, ongeza shibiri moja. Sasa rudisha sindano. Uzi huo unabaki ukining'inia nyuma, ndio uzi wako wa chini. Sogea, choma tobo la pili mpaka tundu litokeze, halafu rudisha sindano kidogo sana, milimita 3 au 4, usiitoe. Utaona uzi ukijikunja na kufanya kitanzi pembeni mwa sindano. Pitisha mkia wa uzi ndani ya kitanzi hicho, wote mpaka uishe. Toa sindano, kisha vuta nyuzi mbili kwa pamoja, wa juu na wa chini, kwa nguvu sawa.

Kwa nguvu sawa, nasisitiza. Nyuzi zinapokumbatiana panatakiwa pazame katikati ya unene wa kitu, pasionekane. Ukiona upande mmoja uzi umelala umenyooka kama waya wa kuanikia nguo na mwingine unaurukia, uzi huo ulionyooka umeuvuta mno. Na mkia uingie kitanzini kutoka upande uleule kila mara. Ukibadilisha, mshono unakwenda kama mlevi.

Kitanzi kisipojitokeza kabisa, ama umerudisha sindano mbali mno, ama uzi ni mnene kuliko sindano. Ukimaliza, rudi nyuma matobo mawili, kata, funga fundo upande usioonekana.

Ni kifaa kizuri kwa hema, mkanda, turubai, kiti cha pikipiki, popote ambapo mkono unafika pande zote mbili. Kwenye kiatu sikusifii: vidole vyako havitafika ndani ya pua ya kiatu kupitisha mkia.

Fundi, turubai la lori lilichanika njiani nikalishona kwa uzi wa katani. Miezi mitatu tu uzi umeoza na maji yanaingia kwenye mahindi ya watu. Nilikosea wapi? (Dereva, Tunduma)

Pole, kaka. Uzi kwanza. Mimi ni mtu wa Tanga, katani siisemi vibaya. Richard Hindorf, Mjerumani, aliagiza miche kutoka Florida mwaka 1893, ikafika hai 62 tu, na kutoka kwa hiyo 62 yakaota mashamba yaliyotulea. Lakini katani ni ya kamba na gunia. Ikilowa inanywa maji, ikikauka inakuwa ngumu, ukirudia hivyo msimu mmoja inaoza. Turubai la lori linalowa na kukauka mara ngapi kutoka Tunduma mpaka Dar?

Tumia uzi wa polyesta. Nailoni ina nguvu sana, ila inavutika, na jua la juu ya lori linaichosha mapema kuliko polyesta. Uzi wowote ule, upake nta ya nyuki kabla ya kushona: shika bonge la nta kiganjani, bana uzi juu yake kwa kidole gumba, uvute mara mbili tatu mpaka usikie unanata. Nta inausaidia uzi kupita, inalijaza tobo, na mshono haulegei kabla hujakaza unaofuata.

Pili, tobo. Turubai ni kitambaa kilichofumwa ndani ya plastiki. Msharasi wenye ncha ya pembe nne unakata nyuzi za kitambaa, na huo ni wa ngozi, kwa sababu ngozi isipokatwa haikubali. Kwa turubai tumia ncha ya mviringo iliyochongoka. Hiyo inazisukuma nyuzi kando, ukipita zinajirudi kukumbatia uzi. Usishone mpasuko kwa kuunganisha ukingo na ukingo. Weka kiraka kinachozidi mpasuko sentimita 5 kila upande, kunja kingo zake, shona mistari miwili, matobo yakae milimita 8 hivi.

Hata hapo maji yatapita. Mshono ni matobo, hilo halina dawa ya uzi. Funika mistari yote kwa gundi inayokubali plastiki ya turubai lenyewe. Ile ya kuziba pancha imetengenezewa mpira, juu ya turubai itabanduka kama ganda la kidonda.

Natengeneza katambuga. Msharasi hauingii kwenye tairi, nimevunja mitatu wiki hii. (Kijana, Arusha)

Kwanza niambie, tairi gani? Tairi nyingi za siku hizi zina waya za chuma chini ya eneo la kukanyagia, na hakuna msharasi duniani utakaopita hapo. Chukua ubavu wa tairi, ambao mara nyingi hauna waya hizo, au tafuta tairi ya uzi. Chukua sumaku uipitishe. Ikivuta, weka kando kwa kazi ya misumari.

Kama haina waya na bado unavunja, basi raba inakushika. Raba haitoboki kama ngozi, inatanuka halafu inaubana msharasi, wewe unautikisa kushoto kulia ili utoke, pa! Usiutikise. Uingie wima, utoke wima. Na kila baada ya tobo moja chomeka msharasi kwenye kipande cha sabuni ya mche. Fundi aliyenifundisha alikuwa na kipande kimoja, kimejaa matobo kama sega la nyuki, na alikuwa hamruhusu mtu kunawia.

Naweza kutengeneza msharasi kwa msumari? (Mwanafunzi, Kisumu)

Msumari ni chuma laini, utapinda. Tumia spoki ya baiskeli. Ikate, ichonge ncha na mdomo wa kulabu kwa tupa ndogo, malizia kwa msasa laini, kisha pitisha uzi wenye nta mdomoni mwa kulabu mara nyingi mpaka uteleze. Usiitie motoni ikawa nyekundu: italegea na hutairudisha. Mpini utakuwa wa mti mgumu, mpera unafaa sana, na spoki izame ndani angalau urefu wa kidole. Kitako cha mpini kiwe cha mviringo, kijaze kiganja, kwa sababu nguvu unaisukuma kwa kiganja.

(Na dada wa Tanga aliyeuliza kwa nini ukindu unakatika anaposhonea mikono ya ngozi kwenye vikapu: weka msharasi chini. Toboa ngozi peke yake kwanza, kisha shona kwa shazia butu ukipenyeza baina ya ukindu, usiuchome. Ukindu hauhitaji tobo, tayari unayo nafasi.)

Mwanangu wa miaka minne anapenda kukaa nami kibandani. Mke wangu anasema ni hatari, mimi naona anajifunza. Utuamue. (Fundi viatu, Mwanza)

Mkeo ana haki, na ushahidi upo. Mwaka 1812, katika kijiji cha Coupvray nchini Ufaransa, mtoto wa miaka mitatu alikuwa akichezea vifaa kwenye karakana ya baba yake aliyetengeneza matandiko na hatamu. Akachukua msharasi, akajaribu kutoboa kipande cha ngozi kama alivyomwona baba, ukateleza ukamwingia jichoni. Jicho likaoza, uchafu ukahamia la pili, na alipofika miaka mitano alikuwa haoni kabisa. Mtoto huyo ni Louis Braille. Alipokuwa na miaka 15 akabuni yale maandishi ya nukta zinazosomwa kwa vidole, nayo huandikwa kwa kuchoma karatasi na kichuma chenye ncha, jamaa yake msharasi. Dunia ilinufaika, lakini sidhani kama baba yake alilala vizuri hata usiku mmoja.

Wewe mwenyewe pia. Mkono unaoshikilia kazi usikae mbele ya ncha hata kwa tobo moja la haraka. Kovu la gumba langu la kushoto ni la tobo moja la haraka. Weka kipande cha soli nene nyuma ya unapotoboa kipokee ncha. Ukichomwa, osha kwa sabuni na maji mengi, nenda kituo cha afya uulize chanjo ya pepopunda, maana tobo la msharasi kwa nje ni dogo na ndani ni refu, na uchafu wa soli umeingia nao.

Msharasi usiotumika uchomeke kwenye gunzi la hindi, urefu wote mpaka kwenye mpini. Mimi nina magunzi manne kwenye kopo, kopo liko juu ya kabati. Mtoto mpe chaki na vipande vya soli akae upande wa pili wa meza, achore. Wangu alichora treni.