Southbank, kando ya Mto Thames

Mdogo wangu, umeuliza ukifika London na skeitibodi yako uanzie wapi kando ya mto. Nenda Southbank, chini ya ukumbi wa Queen Elizabeth Hall. Ukishuka stesheni ya Waterloo ni mwendo mfupi tu kwa miguu, na hulipi hata senti. Vijana wanateleza pale tangu miaka ya 1970. Waliojenga hawakuwawazia kabisa, ila zile kuta fupi za zege zilizolala mshazari ndizo zinazokupa kasi na pa kugeukia. Juu kuna dari, kwa hiyo mvua haikugusi. Chunga nguzo tu: ni nene, na ukishuka mteremko zinakujia ghafla.

Mwaka 2013 ulikuwepo mpango wa kuweka maduka pale na kuwahamishia wachezaji chini ya daraja la Hungerford. Walikataa katakata, wakakusanya saini, na 2014 wakakubaliwa kubaki. Sehemu iliyokuwa imezibwa kwa miaka ikafunguliwa tena 2019. Kwa hiyo ukifika, kaa pembeni kwanza, tazama zamu zinavyokwenda, ndipo uingie. Wenyeji wanapapenda kwelikweli, wamepapigania.