P/E ni 6 au 12? Mama wa dagaa Kirumba na kijana wake wanabishania hisa ya benki

SWALI: Shikamoo mshauri. Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa hapa Mwaloni Kirumba, nachukua mzigo wa visiwani, nauza Dar na mwingine unavuka mpaka Kongo. Nina hela kidogo imekaa nataka ninunue hisa za benki moja ipo DSE, soko la hisa la Dar es Salaam. Bei ni 1,200, faida kwa hisa mwaka jana ilikuwa 200, dalali kaniambia P/E ni 6 tu, mama hiyo ni bure chukua haraka. Kijana wangu anasoma uhasibu pale Nyegezi, kakaa na kalamu jioni nzima kajumlisha faida za miaka kumi akaweka na mfumuko wa bei, akasema hapana mama hiyo ni 12. Sasa hisa moja inakuwaje na P/E mbili? Nani ananidanganya? Nimekutumia na karatasi yake.
Mama wa Dagaa, Kirumba

JIBU: Marahaba mama, na huyo kijana mpe soda maana karatasi yake nimeipitia mstari kwa mstari na hesabu imekaa sawa. Hakuna anayekudanganya hapo. P/E ni bei ya hisa gawa kwa faida ya hisa hiyo, yaani unalipa shilingi ngapi kwa kila shilingi moja ya faida. Dalali kachukua bei akagawa kwa faida ya mwaka mmoja, kijana kachukua bei ileile akagawa kwa wastani wa faida ya miaka kumi baada ya kuzileta zote kwenye thamani ya shilingi ya leo. Benki sitaitaja na namba nimezizungusha kidogo ili wasomaji wengine wafuatilie bila kikokotoo cha maana.

Hii njia ya kijana sio ya jana. Benjamin Graham na David Dodd kule Marekani walishasema tangu 1934 kwamba usipime kampuni kwa faida ya mwaka mmoja, chukua wastani wa miaka mitano angalau, ikibidi saba au kumi. Baadae John Campbell na Robert Shiller mwaka 1988 wakaitumia kwa soko zima la hisa la Marekani na wakaongeza kurekebisha mfumuko wa bei, ndo maana wengine wanaiita P/E ya Shiller, wengine PE10. Kipimo hicho kilifika kama 44 mwishoni mwa 1999, muda mfupi kabla soko halijaporomoka, na Shiller mwenyewe akapata Nobel 2013. Ila shika hapo mama: wao walipima soko zima lenye makampuni mamia, wewe unapima benki moja, na hapo ndo kuna kazi.

Kwanza kwa nini tunahangaika na wastani. Wewe unajua vizuri kuliko mimi kwamba dagaa wanavuliwa gizani, mbalamwezi ikitoka mitumbwi inapumzika, sasa mtu akija kukuuzia mtumbwi akakuonyesha mauzo ya wiki ya giza peke yake utamcheka. Benki nayo ina giza lake na mbalamwezi yake, sema mzunguko wake ni wa miaka. Uchumi ukiwa umechangamka watu wanalipa mikopo, benki inatenga hela kidogo kwa ajili ya mikopo chechefu, yaani ile isiyolipwa vizuri, faida inavimba. Mambo yakibana wakopaji wanaanza kukimbia simu, benki inalazimika kutenga mabilioni, faida inayeyuka hata kama wateja kaunta wanapanga foleni kama kawaida. Hapa kwetu 2017 na 2018 mabenki mengi yaliumia hivyo, mikopo chechefu kwa sekta nzima ilipita asilimia 10 wakati Benki Kuu inataka isizidi 5.

Sasa karatasi ya kijana. Faida kwa hisa kuanzia mwaka wa kwanza mpaka wa kumi ni 60, 50, 20, 30, 50, 70, 100, 140, 170 na 200. Ukijumlisha kavukavu unapata 890, wastani 89. Lakini shilingi 60 ya miaka tisa iliyopita sio 60 ya leo, kwahiyo kila mwaka akauzidisha kwa kupanda kwa bei tangu mwaka huo, yeye katumia asilimia 4 kwa mwaka ili iwe rahisi: ile 60 inakuwa kama 85, ile 20 ya mwaka mbaya inakuwa 26, ile 170 ya juzi inakuwa 177, na 200 inabaki 200. Jumla inakuja 1,000 hivi, wastani 100. Bei 1,200 gawa kwa 100 ndo hiyo 12. Angalia pia kwamba asingerekebisha mfumuko angepata 13 na nusu, benki ingeonekana ghali kuliko ilivyo.

Mpaka hapo kijana yuko vizuri. Ila mimi nisingeishia hapo, kwa sababu benki ya mwaka wa kwanza kwenye karatasi sio benki ya leo. Miaka yote hiyo ilikuwa inawagawia wanahisa nusu ya faida kama gawio, nusu nyingine inaibakiza ndani, mtaji wa wanahisa (mali za benki ukitoa madeni yake) kwa kila hisa ukatoka 400 ukafika 800. Hata ukiurekebisha ule 400 kwa mfumuko unakuwa kama 570, bado benki imekua kweli. Ukipima mtaji wa 800 kwa faida za wakati wa 400 unaionea.

Kwahiyo kwa benki hasa napenda kubadilisha kidogo, badala ya wastani wa faida chukua wastani wa faida kwa mtaji. Kila mwaka gawa faida kwa mtaji wa mwaka huo: mwaka wa kwanza 60 kwa 400 ni asilimia 15, mwaka ule mbaya 20 kwa 440 ni asilimia 4 na nusu, mwaka jana 200 kwa 800 ni asilimia 25. Nimepiga miaka yote kumi, wastani unakuja asilimia 15. Sasa zidisha 15 hiyo kwa mtaji wa leo wa 800, unapata 120. Hiyo ndo faida ambayo benki ya ukubwa huu ingeleta kwenye mwaka wa kawaida, sio wa neema sio wa balaa. 1,200 gawa kwa 120 ni 10.

Kwahiyo dalali anasema 6, kijana 12, mimi nasema 10. Swali halisi mama ni hili: unaamini asilimia 25 ndo hali mpya ya kudumu au benki itarudi kwenye 15? Dalali kwa kusema 6 tayari kashakujibia kwamba ni ya kudumu, sema hajakwambia. Inawezekana kweli, siku hizi miamala ya simu na mawakala imepunguza gharama za matawi, hilo ni badiliko la kweli sio upepo. Lakini sehemu nyingine ya hiyo 25 ni mikopo kulipwa vizuri tu miaka hii, na hiyo inageuka. Mimi binafsi ningekubali 17 au 18 kwa shingo upande, 25 hapana.

Halafu linganisha na hatifungani za serikali, yaani kuikopesha serikali ikulipe riba, maana najua dada zako wa kikoba wanazipenda. Wastani wa kijana wa 100 kwa bei ya 1,200 ni kama asilimia 8.3 na hiyo imeshatolewa mfumuko. Tuseme hatifungani inalipa 12, usiilinganishe 12 na 8.3 moja kwa moja! Toa mfumuko wa 4 kwanza, inabaki 8. Zinakaribiana sana. Tofauti ni kwamba hatifungani ya muda mrefu riba yake haikatwi kodi na inakuja mkononi yote, benki inakupa sehemu tu kama gawio tena linakatwa asilimia 5, iliyobaki inakaa ndani ikuze mtaji. Kwahiyo kwa 1,200 hii hisa sio wizi, sio bure pia, ni bei ya haki kwa mtu anayeamini benki itaendelea kukua. Ikishuka kwenye 900 hivi nipigie kelele.

Kitu cha mwisho kwako halafu niwape wengine nafasi, mfumuko wa bei na benki ni mambo mawili yasiyopatana. Mtu mwenye kiwanda bei zikipanda mashine zake nazo zinapanda thamani, ila mali ya benki ni shilingi tupu, mikopo ya shilingi na hatifungani za shilingi. Desemba 2011 mfumuko wetu ulifika asilimia 19.8. Benki yenye mtaji wa 400 kwa hisa kwenye mwaka wa namna hiyo inahitaji kubakiza kama 80 ili tu mtaji ubaki na nguvu ileile, sasa kama faida ilikuwa 60, hapo hata wasingetoa gawio hata senti bado wamerudi nyuma, na kwenye vitabu wanaandika faida na picha za kupeana mikono. Ukizidisha 60 hiyo ije kwenye shilingi ya leo unaipa heshima ambayo haikuwa nayo. Miaka hii ya asilimia 3 au 4 tatizo ni dogo, lakini ukiona mtu kapiga wastani unaoanzia 2011 muulize hilo.

SWALI: Mshauri habari za kazi. Mimi nafatilia benki za Marekani kwa mtandao, kwenye 2013 au 2014 ukipiga PE10 ya Citigroup ilikuwa chini ajabu, mbona haikupanda kurudi ilikotoka? Naomba ufafanuzi.
Ngosha wa Igoma

JIBU: Ngosha hapo umegusa mtego mkubwa kuliko yote. Citigroup mwaka 2006 walipata zaidi ya dola 4 kwa hisa. 2008 wakapata hasara ya dola bilioni 27.7, na ili wasizame wakatoa hisa mpya nyingi mno, kutoka kama bilioni 5 mpaka karibu bilioni 29. Halafu Mei 2011 wakaunganisha hisa 10 kuwa 1. Sasa 2013 nao wakapata dola 4 na ushee kwa hisa, mtu akiangalia juujuu anasema wamerudi kulekule! Hapana, ile 4 ya 2006 ukiiweka kwenye hisa zilizounganishwa ni 40 na zaidi. Ndo maana PE10 ilikuwa chini, kwenye ule wastani kulikuwa na miaka ya 40, miaka ambayo keki ileile ilikuwa inagawiwa watu wachache. Faida ya benki nzima ilirudi kwa sehemu kubwa, ya kwako kwa hisa haikurudi na haitarudi kwa sababu wenzako wapya wameshakaa mezani.

Kwahiyo kabla hujapiga wastani wowote angalia idadi ya hisa kila mwaka. Hata hapa nyumbani, CRDB waliwauzia wananchi hisa kwa bei ya shilingi 150 mwaka 2009, halafu 2015 wakatoa nyingine kwa wanahisa waliopo, idadi ikapanda karibu bilioni 2.18 mpaka bilioni 2.61. Hiyo ilikuwa ya kukuza benki sio ya kuokoa, tofauti kabisa na Citigroup, ila hesabu ya faida kwa hisa lazima iijue. NMB wao waliuza kwa shilingi 600 mwaka 2008 na hisa zikabaki milioni 500 miaka mingi, hapo wastani unapigika kirahisi zaidi.

SWALI: Je wastani mzuri wa miaka kumi unanihakikishia benki haitafungwa? Huku kwetu tunakumbuka yaliyotokea.
Msomaji, Bukoba

JIBU: Hauhakikishii. Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki tano kwa mpigo, na Kagera Farmers' Cooperative Bank ya hapo kwenu ikiwemo, sababu ilikuwa mtaji hautoshi. Wastani unakwambia benki ilikuwa inapata nini, hausemi imebakiza nini ya kuhimili kishindo. Kwahiyo ukichukua ile taarifa ya robo mwaka wanayotoa kwenye magazeti, ile yenye maandishi madogo mpaka unaomba miwani ya jirani, usiishie kwenye faida. Shuka chini kabisa kwenye viashiria, kuna mstari wa mtaji kulinganisha na mali zote na kuna wa mikopo chechefu kulinganisha na mikopo yote. Mtaji unapungua na chechefu zinapanda kwa robo mwaka tatu mfululizo, weka kalamu chini, hiyo PE10 hata ikiwa 3 haina maana.

SWALI: Takwimu za mfumuko nazitoa wapi? Na benki ikiwa sokoni miaka minne tu nafanyaje?
Fundi simu, Musoma

JIBU: Ofisi ya Taifa ya Takwimu, wanatoa kila mwezi bure kwenye tovuti yao, unachotaka ni fahirisi ya bei, namba inayoonyesha bei zimefika wapi ukilinganisha na mwaka wa msingi, sio ile asilimia ya mwaka. Wakibadilisha mwaka wa msingi unganisha za zamani na mpya kwanza, usichanganye hivihivi utapata maajabu. Na hiyo ya miaka minne, kuingia sokoni sio kuzaliwa, benki nyingi zilikuwa na hesabu zilizokaguliwa miaka mingi kabla, zitafute kwenye waraka wa kuuzia hisa na ripoti za mwaka. Ukikosa kabisa tumia miaka uliyonayo mradi ndani yake kuna angalau mwaka mmoja mbaya. Na kumbuka kuanzia 1 Januari 2018 kanuni ya kimataifa ya uhasibu iitwayo IFRS 9 inazitaka benki zitenge hela kwa hasara inayotarajiwa, zamani walisubiri mpaka mkopo uonyeshe umeharibika, kwahiyo faida za kabla na baada ya hapo hazijapimwa kwa rula moja.