Mwanangu, umeniuliza habari ya watoto

Mwanangu,

Voisi yako nimeisikiliza mara tatu. Unauliza ukimuoa huyo binti, kwa vile ana ualbino, na watoto watazaliwa hivyo? Mtoto hawi na ualbino mpaka apate vinasaba hivyo kwa baba na kwa mama, wote wawili, na mtu anaweza kuwa navyo asijue mpaka anaingia kaburini. Yeye lazima awape wanae, wewe ndo hatujui kama unavyo. Kama huna, hazaliwi hata mmoja hivyo, kama unavyo basi kila mimba ni nusu kwa nusu. Nendeni kwa daktari wote wawili. Mimi kilichonikosesha usingizi ni kingine.

Unajua nilifanya nini nikiwa na mimba yako? 1998, mimba ina miezi saba, niko foleni ya kliniki hapa Mwanza, lile benchi refu la mbao, akaja mama mmoja kukaa pembeni yangu na kabinti kake kana ualbino, bado kananyonya. Bibi yako alishaniambia, ukimwona mtu wa hivyo jitemee mate kifuani usije ukazaa kama yeye. Basi nikavuta kola ya gauni nikajitemea, tfu tfu, mbele yake hivyo hivyo. Yule mama hakusema neno. Alivuta kanga akamfunika mtoto uso, na joto lile, akasogea mpaka mwisho wa benchi. Hakuna aliyeshtuka, mmoja hata aliniambia umefanya vizuri.

Nawaambia siku zote, na dada yako anajua, woga unafundishwa. Hakuna mtoto anazaliwa anaogopa ngozi ya mwenzie. Ila nikikaa peke yangu najibishana, manake wa kunifundisha alikuwa bibi yako lakini kinywa kilikuwa changu, nina miaka 24, nimemaliza fomu foo, na nilimwona yule mama macho yake. Nilijua. Sasa hapo aliyefundishwa yuko wapi? Halafu narudi tena, woga unafundishwa, nisingeambiwa nisingetema. Bado sijamaliza ubishi huo.

Ikaja ile miaka ya mauaji, 2007, 2008, kanda yetu ya ziwa watu wenye ualbino wanakatwa viungo vikauzwe kwa waganga, wakipita mtaani vijana wanawapigia kelele "dili!". Marehemu baba yako alikuwa ananituliza, mate yako na mapanga yao ni vitu viwili, mama watoto. Ni viwili kweli. Lakini hata mimi siku ile pale kwenye benchi sikuona mtoto, niliona mkosi.

2009 serikali ikaleta zile kura za siri, watu waandike majina ya wanaowashuku. Mbele yangu kwenye foleni nikamkuta yule yule mama. Binti keshakuwa mrefu, kofia pana, shati la mikono mirefu, kamkamata mama yake kiunoni hamwachii. Mama akageuka akaniangalia weee, kisha akaniuliza, "Yule mtoto wako wa siku ile, alizaliwa salama?" Nikasema ndiyo, yuko darasa la nne. Akasema, "Mungu ashukuriwe," akageuka mbele. Miaka 11 alikuwa anakumbuka, na alichotaka kujua ni kama wewe ulizaliwa salama. Sikuomba msamaha mwanangu. Karatasi imelowa jasho mkononi, neno liko hapa kooni, foleni ikasogea.

2010 Lindi walipomchagua Barwany ubunge, naye ana ualbino, baba yako alifurahi akasema unaona, watu wanabadilika. Nilimwambia wa Lindi labda, mimi sijui.

Umeuliza mwishoni kama nakubali. Ulimi unaniwasha lakini sitasema. Nikisema ndiyo naogopa nitakuwa nalipia deni langu la kliniki kupitia kwako, na mtoto wa watu sio wa kulipia madeni ya mtu. Anataka mume tu kama mwenzie yeyote. Kama unampenda unajua mwenyewe, na mimi nina ninachokiwaza, tuache hapo.

Ila mlete. Niambie siku mapema, barazani mbele jua linapiga mpaka saa kumi, nitahamishia mkeka kule nyuma chini ya mwembe. Na uniulizie kama anakula sato, nikamchagulie mwenyewe asubuhi.

Mama yako