Barua kwa Mwanangu: Hiyo Saini ya Benki

Mwanangu Zuhura,

Barua yako nimeipata. Unauliza uache kazi hapo shirikani au uvumilie, maana mshahara umechelewa miezi mitatu. Kilichonishtua ni jambo ulilolitaja kwa kupita tu: mkurugenzi anataka uwe mtia saini wa pili benki, ili waazime kidogo kwenye pesa ya mradi wa maji mpaka mfadhili alete awamu nyingine.

Pesa ya mradi si pesa ya shirika. Mmenisikia nikisema hivyo tangu mko wadogo.

Mishahara ikilipwa kwa awamu ya kwanza, mchimbaji halipwi, kazi inasimama. Kazi ikisimama hakuna ripoti wala risiti. Bila ripoti mfadhili haachii awamu ya pili, na hiyo ndiyo mliyotegemea kurudishia deni. Mkaguzi wa hesabu akija haandiki kwamba mliazima. Anaandika matumizi yasiyokubalika, na saini iliyo kwenye hundi ni yako.

Unajua yaliyomkuta baba yako mdogo kule Kamuli. Kisima kilishachimbwa, maji yakapatikana, mabomba yakashushwa, mdomo ukafungwa kwa kifuniko cha chuma. Ilibaki kumwaga saruji ya jukwaa na kufunga pampu ya mkono, ile ya U2. Pesa ya pampu ilikuwa imeliwa na mishahara. Wanakijiji walishatoa mchango wao, kamati ya maji ilishachaguliwa, na yeye ndiye aliyetumwa kuwaeleza. Hakutia saini popote, lakini matusi aliyapokea yeye. Mpaka leo inaniuma.

Najua utasema madereva na walinzi nao wana watoto wa kulipia ada. Ni kweli. Na tangu Marekani isimamishe misaada ya nje Januari 2025, mashirika mengi yamekwama bila kosa lao. Wafadhili wenyewe hupenda kulipia visima kuliko kodi ya ofisi. Pengine nawaonea wakubwa wako. Lakini bodi inaweza kukutana, ikamwomba mfadhili ruhusa ya kuhamisha fungu kabla shilingi moja haijaguswa. Ruhusa ya maandishi, si ya simu. Bila hiyo karatasi, pesa ya mradi si pesa ya shirika.

Sasa kuhusu swali lako. Wiki hii chukua taarifa yako ya NSSF, ule mfuko wa akiba ya uzeeni wa hapa Uganda, uilinganishe na hati za mishahara uliyokwishalipwa, mwezi kwa mwezi. Kwa mshahara wa shilingi 1,000,000 wewe unakatwa 50,000, mwajiri anaongeza 100,000, na hizo 150,000 zifike kufikia tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Kama ulikatwa na hazikufika, basi shida haikuanza na mfadhili kuchelewa.

Kuondoka au kubaki uamue mwenyewe, umeshakuwa mtu mzima. Neno liko mdomoni, nalimeza. Ila kuhusu saini simezi kitu: usitie. Ukishapata hiyo taarifa nipigie, hata kama ni usiku.

Mama yako