Maswali Yenu ya Kompyuta: Shiti za mlimani zinanimaliza

SWALI: Kaka habari za kazi. Niko Moshi, Majengo, nashika mahesabu ofisi moja inayopandisha wageni mlimani. Kila safari ikishuka kiongozi ananitumia WhatsApp orodha ya watu wake, wapagazi, wapishi, wasaidizi, na siku walizofanya, mi naingiza kwenye Excel, safari moja shiti moja. Mwisho wa mwezi ndo kasheshe, nakopi kila shiti napesti kwenye shiti ya JUMLA ndo nijue nani anadai ngapi, na ikifika Julai, Agosti hivi shiti zinajaa mpaka macho yanauma huku watu wamekaa hapo nje wanasubiri hela yao. Mdogo wangu ananiambia nijifunze makro, ila hesabu zenyewe za sekondari zilinipiga chenga na kozi bosi hataki kulipia. Naweza kweli au nisijisumbue?
Mama wa watatu, Majengo

JIBU: Shikamoo dada. Unaweza. Makro ni maelekezo tu unayoiandikia Excel ili ifanye yenyewe kazi unayoirudia, kwahiyo hizo hesabu za sekondari ziache zilikolala, hapa hakuna mtu anakuuliza logarithimu. Na kozi pia usimlilie bosi, maana kozi nyingi zinaanza na mifano ya mauzo ya maduka ya Marekani, wiki mbili zinaisha hujagusa hata mpagazi mmoja. Jifunzie kwenye hiyohiyo kazi yako inayokuuma.

Anza na kinasa. Excel yako ina kitufe cha Macros kwenye menyu ya View, pale ndani kuna Record Macro. Ukikibonyeza kila unachofanya kinaandikwa, ukimaliza unasimamisha, halafu unabonyeza Alt na F11 unaona kilichoandikwa. Wengi wanaishia kunasa na kucheza tena, hawafungui hata siku moja kusoma, na kumbe shule yenyewe iko pale kwenye kusoma. Nasa kitu kidogo tu, mfano kukopi shiti moja kwenda JUMLA, kisha fungua uone ulichobonyeza kimegeuka maneno gani.

Sasa utakachokiona ni hiki, kinasa ni kasuku, kinakariri ulipobonyeza ila hakijui ulikuwa unataka nini. Ukinasa safari ya Marangu yenye watu 13 kitaandika A2 mpaka E14, basi. Ukija kukicheza kwenye safari ya Machame yenye watu 22, kitachukua 13 na kuacha tisa, hakisemi chochote, wala hakitoi alama nyekundu, na wewe utajua siku hao tisa wanakuja mlangoni. Ndo maana lazima ubadilishe kidogo kwa mkono. Kwa kazi yako wewe inakuwa hivi:

Sub KusanyaSafari()
Dim k As Worksheet, mwisho As Long, chini As Long
Worksheets("JUMLA").Range("A2:E5000").ClearContents
For Each k In ThisWorkbook.Worksheets
If k.Name <> "JUMLA" Then
mwisho = k.Cells(k.Rows.Count, "A").End(xlUp).Row
If mwisho > 1 Then
chini = Worksheets("JUMLA").Cells(k.Rows.Count, "A").End(xlUp).Row + 1
k.Range("A2:E" & mwisho).Copy Worksheets("JUMLA").Cells(chini, "A")
End If
End If
Next k
End Sub

Usitishike. Mstari wa ClearContents unafuta JUMLA ya zamani, bila huo ukibonyeza mara mbili kila mtu analipwa mara mbili, na hakuna mpagazi atakayekuja kulalamika kwa hilo. For Each inasema pita shiti moja baada ya nyingine, If inayofuata inaruka JUMLA yenyewe isije ikajikopi. Pale kwenye End(xlUp) ndo utamu ulipo, ni sawa na kwenda mstari wa mwisho kabisa wa shiti halafu ubonyeze Ctrl na mshale wa juu, inapanda mpaka ikute mtu wa mwisho, kwahiyo wawe 13 au 22 inajua yenyewe. Na hayo maneno mwisho na chini ni majina tu nimeyapa mimi, VBA, yaani lugha ya kuandikia makro ndani ya Excel, haijali ukiyaita kwa Kiswahili.

Kabla hujaibonyeza mara ya kwanza kopi faili zima weka pembeni, kwasababu alichofanya makro Ctrl na Z hairudishi. Hilo watu wanalijua wakishalia.

Halafu kuna jambo ambalo makro haikusaidii na ndo litakalokula muda wako mwingi. Shiti zote lazima zifanane, jina kolamu A, kazi B, siku C, malipo ya siku D, jumla E, siyo kiongozi mmoja kaweka siku mbele mwingine nyuma. Kama hapo chini una mstari wako wa kujumlisha wenye neno lolote kolamu A, utoe, la sivyo na wenyewe utahesabiwa kama mtu. Na majina! Hapo Moshi kina Mushi ni wengi, ukiandika leo Joseph Mushi, kesho J. Mushi, keshokutwa Joseph M., kompyuta inaona watu watatu, na wakiwa kweli ni wawili tofauti wenye jina moja inaona mmoja. Mpe kila mpagazi namba yake ya kudumu, weka kolamu ya kwanza kabisa, vingine vyote visogee mbele (hapo kwenye makro E inakuwa F, sehemu zote mbili). Ukishakuwa na namba, piga pivot (lile jedwali la Excel linalojumlisha lenyewe) juu ya JUMLA, kila mtu na deni lake linakaa mstari mmoja.

Nikuambie ukweli mwingine ambao mdogo wako hatapenda, kazi hii inawezekana bila makro kabisa. Kuanzia Excel 2016 ya Windows kuna Power Query iko kwenye menyu ya Data, weka faili za safari kwenye folda moja, zikiwa na mpangilio mmoja na shiti zenye jina moja, iambie izisome zote, mwezi ukiisha unabonyeza Refresh tu. Ila mi ningekuwa wewe ningeanza na makro, maana ukishasoma mistari hii ukaielewa huogopi tena kitu kwenye hiyo laptopu.

SWALI: Mkuu, nimeandika makro safi inafanya kazi, nimesevu nimefunga, kesho nafungua haipo. Na nyingine nimemtumia bosi kwa email anasema imemletea mstari mwekundu imegoma. Tatizo nini?
Msomaji wa Sakina, Arusha

JIBU: Ya kwanza umesevu kama xlsx, hiyo haibebi makro, na ile meseji iliyokuonya ukabonyeza Yes bila kusoma. Sevu kama xlsm. Ya pili siyo kosa lako, toka 2022 Microsoft walianza kuzuia makro za mafaili yaliyotoka intaneti, na wana sababu, kirusi Melissa cha mwaka 1999 kilisambaa dunia nzima kwa makro ndani ya faili la Word lililokuja kwa email. Bosi asevu faili kwenye kompyuta, abonyeze kulia kwa mausi, Properties, aweke tiki kwenye Unblock. Lakini afanye hivyo kwa faili ambalo anajua limetoka kwako, siyo la yule "mteja" asiyemfahamu anayetuma invoisi.

SWALI: Nasoma chuo hapa Arusha, nianze na VBA au Python?
Mwanachuo, Njiro

JIBU: Ukienda kufanya kazi ofisini ambako kila kitu kiko Excel na huruhusiwi kuinstoli chochote, VBA, iko tayari mle ndani toka 1993. Kama data inatoka sehemu nyingi au ni kubwa, Python, lugha ya programu iliyo nje ya Excel, maana shiti ya Excel inaishia mstari wa 1,048,576, na ile ya zamani ya xls inaishia 65,536. Hiyo ya zamani iliwaumbua Uingereza Oktoba 2020, faili la majibu ya korona likajaa, visa karibu 16,000 vikachelewa kuhesabiwa. Mnaotumia Google Sheets kule ni Apps Script, ni JavaScript ile.

SWALI: Makro inaweza kwenda kwenye simu? Na mbona nikipesti namba za M-Pesa za wateja sifuri ya mbele inapotea?
Wakala, Kilombero

JIBU: VBA kwenye simu haiendi, tafuta kompyuta. Sifuri inapotea kwasababu Excel inadhani 0754 ni hesabu. Chagua kolamu nzima, iweke Text kabla hujapesti, na ukipesti chagua ile ya kuleta maandishi tu. Zilizokwisha kukatwa weka fomula ="0"&A2 kolamu ya pembeni, uburute mpaka chini.